Salamu ya Mkubwa wa Nyumba

Somo lenyewe liliitwa uraia wa dunia, na lilifika mjini kwetu Baraka likiwa limekunjwa ndani ya bango. Kwenye bango kulikuwa na watoto walioshikana mikono kuizunguka dunia: mmoja kavaa koti la baridi mpaka masikioni, mwingine kilemba, mwingine manyoya kichwani. Mwafrika wao alikuwa na ngoma, maana kwa wachoraji wa mabango Mwafrika asiye na ngoma hajakamilika. Sisi walimu tulifundishwa namna ya kulifundisha, tukanywa soda, tukapigwa picha. Nikarudi kwenye darasa langu la tano, ambako watoto wanabanana kwenye benchi na hawahitaji bango kuwaambia washikane.

Nina hasira za karibu, lakini somo sikulichukia. Darasani mwangu kuna Wabembe wa kanisa hili na lile, kuna watoto wa Kiislamu ambao baba zao wana maboti, na tangu kambi ya wakimbizi ya Lusenda ifunguliwe kuna pia watoto wa Warundi ambao wazazi wao wameacha kambi na kupanga vyumba mjini. Kama kuna mahali watu wanahitaji kufundishwa kukaa na wenzao, ni hapa Fizi. Milima ikiwaka moto, swali la kwanza njiani ni "we ni wa wapi?", na jibu baya si jambo la kucheka.

Inspekta wa shule akatangaza kwamba atakuja kuliona somo. Mkuu wetu wa shule, mtu mwema ambaye akisikia neno inspekta tu hulowa jasho mpaka kwenye tai, aliniita ofisini.

"Madame, batoto baonyeshe kitu. Ngoma, chakula, kitu."

Nikamwambia chakula hapana. Huwezi kumwagiza mtoto alete darasani kitu ambacho nyumbani hakipo. Ngoma nazo zitatuvurugia darasa zima. Nikapendekeza salamu: kila mtoto aje na salamu ya kwao. Salamu hainunuliwi, kila mtu anayo, na haimdhuru mtu. Nilijiona mwerevu sana siku hiyo.

"Muzuri," akasema mkuu. "Lakini basiulize baba na mama. Siku hizi baba na mama ni Kiswahili tu na radio. Baulize mukubwa wa nyumba, ule muzee kabisa. Ule ndjo anajua kwao."

Nami nikaandika hivyo ubaoni, nikapiga mstari chini. Ndiyo desturi yetu: jambo la ukoo huulizwa kwa mkubwa wa nyumba, na asiyeuliza huonekana mtoto aliyeokotwa. Niliandika bila kujiuliza mkubwa wa nyumba yangu mimi ni nani.

Binti yangu yumo katika darasa hilohilo. Shuleni ananiita madame kama wengine na haniombi upendeleo. Na mkubwa wa nyumba yetu ni mama yangu.

Mama alizaliwa ng'ambo ya ziwa, Rumonge, Burundi. Baba, Mbembe wa kijiji cha Lweba huku kwetu, alimpata kule katika biashara yake ya ndagala, wale dagaa wa ziwani, akamvusha, wakazaa. Kwa miaka mingi hakuna aliyejali. Kisha vita vikaja, na lugha ya mama, Kirundi, ambayo masikioni mwa watu wa huku haitofautiani na ya wafugaji wa milimani waliopigana na watu wetu, ikageuka lugha ya adui. Tulikimbilia Tanzania kama wote. Kambini kule baba alimwambia mama jambo moja tu: lugha hiyo ibaki hapa. Tuliporudi hatukwenda Lweba, ambako walimjua, tulishukia Baraka. Baba akafariki, na kwa majirani mama akawa yule koko, yaani bibi, Mubembe asiye na maneno mengi. Kibembe chake ni kizuri. Anakisema polepole, na watu hudhani ni uzee.

Utaniuliza: Warundi wa Lusenda si wanaongea Kirundi sokoni mchana kweupe? Wanaongea, na wengine huwatazama vibaya, lakini kila mtu anajua ni nani na walifikaje. Anayetisha watu ni aliyejificha. Mama akifungua mdomo leo, hakuna atakayesikiliza anasema nini. Watauliza kwa nini alinyamaza miaka yote, na mimi, mwanawe ninayekaa na watoto wao kutwa, nimenyamazia nini kingine. Kila mwaka tuliojificha ulifanya kutoka kuwe kugumu zaidi. Mlango tuliufunga wenyewe ili tusife, na sasa haufunguki.

Binti akaenda kwa koko na swali la mwalimu. Nilikuwa nyuma ya nyumba natwanga sombe, majani ya mihogo. Nikasikia sauti ya mama, ile ya Kirundi ambayo sikuwa nimeisikia tangu utoto wangu. Nikaacha mchi kwenye kinu, nikaenda mlangoni. Walikuwa wamefunga dirisha. Mama alikuwa amemshika mtoto mikono yote miwili juu ya viwiko, akimtikisa kidogo kidogo, akimtakia baba, akimtakia mama, akimtakia watoto, na ng'ombe, ng'ombe wengi. Salamu ya kwao haikamiliki bila ng'ombe. Na kwetu huku ng'ombe ndiye mwanzo wa ugomvi: ng'ombe aliyekula mihogo ya mtu, ng'ombe aliyeporwa, kijiji kilichochomwa kwa ajili yake. Kumtakia mtu ng'ombe mbele ya darasa la Baraka ni kujitangaza.

Mama aliniona mlangoni, akacheka kama msichana.

"Ni we uliuliza," akaniambia. "Kama masomo inaanza kuuliza vile, basi maneno ile ya kujificha imeisha."

Nilirudi kwenye kinu nikaitwanga ile sombe mpaka ikawa maji.

Wiki hiyo nilizunguka kama mbuzi aliyefungwa kambani. Nikisema binti anaumwa, darasa zima litakuja kumwona mgonjwa, maana ndivyo tunavyofanya, na litamkuta koko kitini, akiwa na hamu ya kusema. Nikimruka zamu yake, inspekta atauliza. Lililobaki lilikuwa rahisi kabisa: kumwambia mtoto aseme salamu ya Kibembe, basi. Kila asubuhi njiani nilifungua mdomo, kila asubuhi nikamwambia kitu kingine, afunge kifungo, asikanyage matope. Ningemwambiaje afiche kwao, kisha niingie darasani na kumhubiria yeye na wenzake kwamba hakuna anayepaswa kuficha kwao? Mkuki kwa nguruwe. Niliona aibu mbele ya mtoto wangu mwenyewe, na aibu hiyo ilinifunga mdomo.

Inspekta akaja, akakaa nyuma chini ya bango. Watoto wakasimama mmoja mmoja. Mtoto wa Kiislamu alitoa salamu ndefu ya babu yake, nzuri, tukaijibu wote. Wabembe wakafuata, wengine wakisahau katikati. Kisha akasimama msichana mmoja wa Kirundi, ambaye wazazi wake walitoka Lusenda. Alisalimia kwa sauti ndogo sana. Benchi la nyuma likacheka, na mmoja akasema kwa chini, lakini si kwa chini ya kutosha, "Bale ba ng'ombe."

Nikawaka. Niliwaambia kwamba salamu ya mwenzako haichekwi, kwamba anayecheka kwao kwa mwenzake hajui kwao mwenyewe, kwamba katika darasa hili hakuna lugha ya kuogopa. Nilisema vizuri. Inspekta alikuwa akiitikia kwa kichwa na kuandika. Na nikiwa bado nasema nikamwona binti yangu. Alikuwa hanitazami mimi. Alikuwa analitazama benchi la nyuma.

Zamu yake ikafika. Alisimama, mikono yake ikainuka kidogo, ile mikono ya kushika viwiko vya mtu, halafu ikashuka mapajani. Akatoa salamu ya Kibembe, safi, bila kusahau katikati. Kisha, bila kuulizwa na mtu yeyote, akaongeza kwamba koko yake aliipata kwa mama yake mzazi, kule Lweba. Hayo sikumfundisha mimi, wala hakuna aliyemfundisha.

Darasa likapiga makofi.

"Ule mutoto anajua kwao," akasema inspekta.

"Ulifanya muzuri," nikamwambia binti yangu. "Kaa." Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo, na niliichukia.

Nyumbani tulimkuta mama kakaa mlangoni amevaa kitenge chake cha kutokea, kile cha kwendea harusini.

"Balisema nini?" akauliza.

"Balipiga makofi, koko. Bote," binti akajibu. Na kweli walipiga.

Mama akajipiga paja kwa furaha. Akasema sokoni kuna mama mmoja wa Lusenda anayeuza mawese, ambaye siku zote yeye hupita mbele yake kama hasikii Kirundi chake. Kesho atasimama pale, amshike mikono, amsalimie kama watu wanavyosalimiana.

"Kama batoto banapiga makofi," akasema, "siye bazee tunaogopa nini?"

Binti akanigeukia. Alikuwa amefika mwisho wa uwezo wake, sasa ilikuwa zamu yangu. Nikinyamaza, kesho mama atafungua mdomo katikati ya soko la Baraka.

"Mama," nikasema, "hakuitoa. Alisema ya Kibembe."

Nilisubiri akasirike. Nilitaka akasirike, anitukane, amwambie mtoto kwamba ameikana damu yake, nipate angalau kitu cha kujibu. Hakukasirika. Akamvuta mjukuu wake karibu, akampapasa kichwa, akamwambia kwa Kibembe, kile chake cha polepole, kwamba amefanya vizuri. Akaingia ndani kuvua kitenge.