Operesheni Iliyongoja

Wauguzi walimbandika daktari yule wa upasuaji jina la Mkono Mwepesi, maana kisu chake hakikupoteza muda wala damu. Ugonjwa wa mlipuko ulipoingia, chumba chake cha upasuaji kiligeuzwa wodi ya wanaokosa pumzi, naye akawa msukuma mitungi ya oksijeni. Operesheni zisizo za dharura ziliahirishwa. Miongoni mwa walioambiwa wangoje alikuwa fundi cherehani mmoja, mwenye uvimbe mdogo tumboni. Daktari mwenyewe alimpigia simu.

"Vuta subira, dada. Mambo yakitulia, wewe ndiye wa kwanza."

"Haya, daktari. Uvimbe wenyewe hauna haraka," mama yule alitania.

Mambo yalikawia kutulia. Chumba kilipofunguliwa, daktari alimpasua mama yule wa kwanza, kama alivyoahidi. Akakuta ugonjwa umeshatambaa hadi kwenye ini, hakuna tena cha kukata. Akamshona polepole, machozi yakilowesha barakoa.

Mlangoni, mume wa mama yule alimdaka. "Umeutoa, daktari?"

"Hapana, kaka. Tumechelewa."

Mume akamshika mkono. "Basi niruhusu niingie. Asije akazinduka peke yake."