Mayai ya Kuku Wenye Mafua

Usiku ule nililala nikijiamini, kama kawaida yangu. Kazi yangu ni kupika chakula cha vimelea vya kifua kikuu: mayai, chumvi za maabara na rangi ya kijani, vyote navigandisha kwa joto ndani ya vichupa vilivyolazwa ubavu. Makohozi ya mgonjwa hupandwa juu yake, kisha tunangoja wiki nyingi, maana vimelea hivi havina haraka. Asubuhi nilikuwa nitoe majibu ya Mama Neema, mgonjwa aliyekuwa akitumia dawa za kifua kikuu. Vichupa vyake havikuota kitu, na daktari alingoja neno langu tu amwachishe dawa.

Nikajikuta maabara, na Mwalimu Sekela amesimama mezani. Ndiye aliyenifundisha upishi huu, na nilikuwepo tulipomzika. Nilifurahi hata nikasahau kumuuliza amerudije.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umepika?"

Nikampa kichupa. Chakula laini, kijani safi, hakina hata tundu moja. Anakiinua kwenye mwanga, anatabasamu.

"Mkono huu ni wangu," anasema, na kichwa changu kinavimba.

Kisha anavunja yai, na hatuko tena maabara. Tuko bandani kwa Baba Juma, anayetuuzia mayai. Kuku wanapiga chafya. Wanakunywa maji ya manjano, na rangi ile naijua: ni antibiotiki, dawa ya kuua vimelea, nayo huingia mpaka ndani ya yai. Mwalimu hawaangalii kuku, ananiangalia mimi.

"Mgeni umtilie sumu chakulani, halafu useme hakuja?"

Nataka kumjibu. Nataka zaidi kumshika mkono, maana nimemkumbuka mno. Ananisukuma begani, taratibu.

"Nenda kapike upya."

Nikaamka, na hofu sikuwa nayo. Nilikumbuka wazi kwamba Baba Juma alilalamika kuku wake wana mafua na anawanywesha dawa, wiki ileile niliyonunua mayai ya vichupa vya Mama Neema. Sikungoja kupambazuke. Nikampigia daktari.

"Daktari, samahani kukuamsha. Mama Neema asiache dawa."

"Kwani vichupa vimeota?"

"Havijaota, na visingeota hata kama anaumwa. Kuku walitibiwa, dawa ikaingia kwenye mayai. Majibu niliyonayo si ya Mama Neema, ni ya kuku."