Jina la Nuru Halitoki

Mimi nashona nguo kando ya karakana ya mzee Souleymane, atelie kama anavyoiita mwenyewe, hapa Kasongo, na kati yetu ni ukuta wa mabati matupu, tena yenye tundu usawa wa macho yangu. Kwa hiyo mtu asiniambie napenda umbeya. Umbeya wenyewe unaingia bila kubisha hodi. Nimesikia mengi kupitia yale mabati, lakini sijasikia mkaidi kama Soraya, na hapo namsifu.

Soraya ni mtoto wa dada yake Souleymane, marehemu Nuru. Nuru alikuwa rafiki yangu. Maisha yake yote alitwanga ngazi, yale matunda ya mchikichi, kwenye kinu na kukamua mawese kwa mikono, mpaka vidole vikakataa kunyooka. Soraya alipomaliza kusomea ufundi Bukavu, alirudi na kompyuta yenye kioo kilichopasuka pembeni, akamwambia mjomba wake kwamba watatengeneza mashine ya kukamua mawese, na kwamba mchoraji ni yeye. Mzee alicheka. Amezoea kuchora kwa chaki sakafuni na kupima kwa jicho. Lakini alimpa meza.

Mashine akaiita Nuru. Kila kipande alikipa faili yake: Nuru-parafujo, Nuru-pipa, Nuru-mguu. Kisha kila kipande kikawa na faili ya pili, mchoro wenye vipimo, ule anaousoma mjomba akikata chuma. Alinieleza siku moja nikimpunguzia sketi: mchoro haubebi kipande ndani yake, unakwenda kukitafuta kwa jina lake. Ukinenepesha kipande, mchoro nao unaandika unene mpya. Nilimwelewa haraka. Hata patron zangu, zile karatasi za kukatia nguo, zikichanganyika majina, mtu mwembamba anavalishwa gauni la mama mnene.

Mashine ya kwanza ilikwenda Kabambare, kwa akina mama wa mawese wanaoongozwa na Dieudonnée. Parafujo yake, ile kubwa inayosukuma ngazi, ikavunjika shingoni. Wakaichomelea, ikavunjika tena. Kosa lilikuwa la Soraya, shingo aliichora nyembamba, na hakulificha. Mzee akatoa neno lake: Dieudonnée atakuja mwenyewe kuchukua parafujo mpya, na hiyo nayo ikivunjika, kompyuta inafungwa, Soraya anakwenda kuuza chumvi na sabuni dukani kwa shangazi yake. Soraya akainenepesha shingo kwenye kompyuta, na penye kona kali akaweka mviringo. Kabla hajampa mjomba ule mchoro, msiba ukamwita kule Nyangwe.

Aliporudi, Dieudonnée alikuwa ameshafika, amekaa kwenye benchi mlangoni kwangu na vumbi la njia yote ya Kabambare kichwani. Soraya akafungua mchoro wa parafujo. Karatasi tupu. Mchoro wa pipa, mtupu. Ile faili inayounganisha vipande vyote kuwa mashine moja ikamuuliza vipande viko wapi.

"Mujomba! Nani amegusa hapa?"

"Ni mimi," mzee akasema, bila haya. "Hii mashini iko na jina nzito. Mutoto akigonjwa kila siku, si tunamubadilishia jina? Nimeiita Baraka."

Ni kweli, kwetu ndivyo tunavyofanya. Hata binti yangu mmoja alilia mwaka mzima, tukambadilishia jina, akanyamaza. Mzee naye aliingia kwenye yale mafaili akabadilisha majina moja moja, kwa kidole kimoja, na bismillahi juu. Kwa mtoto inafaa, kwa sababu majirani wote wanaambiwa. Michoro hakuna aliyeiambia. Iliendelea kumtafuta Nuru, na Nuru hayupo.

Nilidhani Soraya atalia. Wapi! Alisukuma kiti nyuma, akasimama.

"Mujomba, munaogopa jina ya mama?"

"Siogopi. Nimechoka." Mzee akaweka chaki chini. "Kila simu ya Kabambare ni ile ile: Nuru amevunjika, Nuru ameharibika. Ni dada yangu, Soraya. Kila mara ninamuzika tena."

Hapo niliacha kushona. Nilikuwa nimemkasirikia mzee wa watu, hasira ikaniisha yote, machozi yakanijia. Ya Soraya haikuisha.

"Basi musimufiche," akasema. "Vidole ya mama iliharibikia kwa kinu, na hakuna mutu alisema tumubadilishie jina. Shingo nilikosea mimi, si yeye. Ikivunjika tena, nitaenda kuuza sabuni, sitabisha. Lakini jina haitoki."

"Mwenye atelie ni mimi!"

"Na mutoto yake ni mimi!"

Dieudonnée akaingiza kichwa. "Mumalize maneno. Sisi tuko na ngazi zinaoza."

Soraya akakaa. Kila kompyuta ilipomuuliza kipande kiko wapi, akakionyesha kilipo, na karatasi zikaanza kujaa mistari. Kisha akafungua vyote kwa pamoja, vipande na michoro, akaanza kufuta Baraka na kurudisha Nuru humo humo ndani ya programu, ili kila mchoro upate habari.

"Muangalie vizuri, Mujomba. Siku mukitaka kubadilisha jina, ni hivi. Lakini mutanikuta hapa."

Mzee alisimama nyuma yake mpaka mwisho. Alisoma unene wa shingo kwenye mchoro, akauandika kwa chaki juu ya chuma, akaenda kukata. Parafujo ikaondoka na Dieudonnée, imefungwa kwa mipira nyuma ya pikipiki.

Baada ya hapo mzee akawa haishiki simu yake. Ikilia, anakumbuka ana kazi nje. Siku Kabambare walipopiga, Soraya ndiye aliyeipokea, akaiweka juu ya meza, sauti wazi kwa wote. Alikuwa Dieudonnée.

"Mzee Souleymane? Nuru iko anakamua! Tangu asubui hajasimama!"

Nikaondoa mguu kwenye cherehani yangu. Soraya hakumwangalia mjomba wake, alikuwa ameshafungua faili nyingine, na jina lake nalo linaanza na Nuru. Mzee akafuta mikono kwenye suruali, akainamia ile simu.

"Mama, rudilia. Nani iko anakamua?"

"Nuru!"

"Rudilia tena."