Fundi wa Kamba na Neno Lisilopunguzwa Bei

Wafungaji mizigo pale mtaa wa Xiaobei, huku kwa Wachina, ni wengi, lakini ukitaka robota lako lifike Dar es Salaam bila kupasuka, watu watakuelekeza kwa Abdulwakil. Mtoto wa Mwembetanga ya Unguja huyu, kifua kama pipa, mdomo hautulii. Hulikandamiza robota kwa goti, huvuta kamba mpaka linaguna, kisha hulipiga kofi kama anayemuaga shemeji.

Kufunga anajua. Tatizo lake ni ubishi wa bei. Hubishana na muuza matango, hubishana na kinyozi, na Mungu ni shahidi, aliwahi kubishana na daktari wa meno huku kinywa kimeachama. Akiambiwa hapana, kwake hapo ndipo maongezi yanapoanza. "Laoban," humwambia mwenye duka kwa kile Kichina chake cha sokoni, "hiyo hapana yako ni ya asubuhi. Nipe ya jioni."

Sasa mtu wa namna hiyo, jamani, alifikaje kwenye kikundi cha kujifunza kufungana kamba? Alipelekwa na mkewe, Swalha.

Swalha ni wakala wa kununua bidhaa, ofisi yake iko jengo la Tianxiu, na kutwa ana simu mbili za wateja wa Unguja. Jirani yake ni Nadège, Mkongo wa Lubumbashi anayesafirisha mawigi. Nadège na mumewe, Jules, hukusanya watu sebuleni kwao Jumapili alasiri. Ni watu wazima, kwa hiari yao, nguo zote mwilini, kila mtu na wake. Mmoja hukaa, mwenzake humzungushia kamba laini mikononi na kifuani, taratibu, kisha humfungua. Baadaye kila mtu huchukua daftari lake, huandika alichohisi na kuwasomea wenzake, nao humtia moyo au humsuta, inategemea alichofanya.

Nadège alikuwa amemfunga Swalha mara moja, kumwonjesha tu. "Mikono yangu ilikosa kazi," Swalha alimsimulia mumewe, macho yanang'aa. "Tangu tuhamie nchi hii haijawahi kukosa kazi. Nilitaka kulia kwa raha. Twende wote, baba Nahla. Jumapili ndiyo siku pekee tunayoonana mchana."

Abdulwakil aliposikia neno kamba, kifua kikazidi kufura. "Kufunga? Hao watu wananihitaji mimi!"

Alikwenda na mkoba. Mlangoni Nadège akaufungua, akakuta mikanda ya plastiki ya mizigo, gundi ya karatasi na kalamu nene ya kuandikia jina la mpokeaji. "Ah non, Papa Nahla," akasema, akauficha mkoba chini ya kochi na kumpa kamba laini. Loo, mwanamume akamfunga mkewe kwa kasi ile ile ya ghala, na goti lilishaanza kupanda mgongoni kwa Swalha, ndipo Jules alipopiga yowe, "Goti, papa! Goti!" Abdulwakil akalishusha, akakaza fundo, akampiga mkewe kofi la begani kumalizia kazi.

Ukafika wakati wa madaftari. Abdulwakil akasimama kusoma, bila kuombwa. "Mzigo mmoja. Kilo sabini na mbili. Umefungwa imara. Usiwekewe kitu juu."

Watu waliangua kicheko mpaka chai ikamwagika.

"Sabini na mbili za nani?" Swalha akauliza.

"Kwa makadirio tu, mke wangu."

"Papa, daftari linauliza ulihisi nini," Nadège akamkumbusha.

"Ndiyo hicho nilichohisi. Kilo sabini na mbili."

Hayo yaliisha kwa kicheko. Ya Jumapili iliyofuata hayakuchekesha mtu.

Pale kwa Nadège sheria kubwa ni moja: aliyefungwa akisema basi, anafunguliwa hapo hapo, haulizwi kwa nini. Siku hiyo Abdulwakil alikuwa akisuka mapambo ya kamba kifuani kwa mkewe, kazi nzuri kwelikweli, hata Jules alisogeza kiti aone vizuri. Upande mmoja ulikuwa umebaki.

"Basi," Swalha akasema.

"Bado kidogo. Raundi tatu."

"Basi, baba Nahla. Bega linaniuma."

"Haya, mbili. Nimeshuka, na wewe shuka."

"Nimesema basi!"

"Moja! Moja ya mwisho, mama, tusiumizane, na mimi nina watoto!"

"Watoto si ndio wangu?" Swalha akapaza sauti. Nadège alishafika na mkasi. Kamba yote ikaanguka vipande vipande, na mapambo yake.

Swalha aliandika mstari mmoja, akausoma bila kumtazama mumewe. "Leo nilisema basi, mume wangu akaniomba nimpunguzie."

Njiani kurudi nyumbani alimwambia wazi. "Kutwa nabishana na watu wasionijali. Sina nguvu ya kubishana na wewe pia. Nakupa Jumapili moja. Ukinibishia tena nitakuja peke yangu, wewe ukae na marobota yako."

Abdulwakil akafungua mdomo kuomba Jumapili mbili. Namshukuru Mungu kwa niaba yake, aliufunga.

Wiki hiyo robota lake moja lilifumuka ghalani, aibu ambayo haijapata kumfika. Usingizi ulimpaa. Jumapili ndiyo iliyokuwa imewabakia yeye na mkewe, na sasa ilikuwa inamponyoka kwa mdomo wake mwenyewe. Jules akamfuata na chapati mbili, akakaa naye juu ya mizigo. "Usimfunge kwanza," akamwambia. "Wewe ndiye ufungwe."

Basi Jumapili ikafika, fundi akakaa kitini, na Swalha akamzungushia kamba bila haraka. Mikono ilipotulia kifuani, pua ikaanza kumwasha. Simu ikalia mfukoni, mteja wa kontena huyo, na hakuna namna ya kuishika. Jasho likamtoka. Abdulwakil akaingiwa na woga, tena woga wa kitoto, kwa sababu alijua anachodaiwa. Leo Swalha atalipiza. Ataomba raundi tatu, atashuka mbili, naye akajipanga kichwani namna ya kujibu kila bei.

"Basi," akatupia, kwa sauti ndogo, kama bei ya kuanzia.

Kamba ilikuwa imeshalegea. Swalha alivuta mara moja tu, yote ikateremka mapajani.

"Mbona hukubisha?" Abdulwakil akauliza.

"Si umesema basi."

"Lakini mimi nilikuwa naanza tu!"

"Ningejuaje?" Swalha akamjibu. "Umesema basi, nimekufungua."

Abdulwakil akajikuna pua kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji kukunwa. Macho yalikuwa yamelowa, na asimdanganye mtu kwamba ni vumbi. Akachukua daftari, akaandika ulimi nje, kisha akasoma polepole.

"Nilihisi woga. Pua iliniwasha. Nilikuja nimejiandaa kubishana, sikupata wa kubishana naye, nikaona raha. Mke wangu aliniomba raha hii mara tatu, nikampa bei. Nisamehe, Swalha."

Nadège akapenga kamasi kwenye kitambaa cha meza.

Swalha akakaa kitini, akampa mumewe kamba. Abdulwakil akainyanyua kwa uangalifu, hata haijagusa mkono wa gauni.

"Basi," Swalha akasema.

Kamba ikaanguka sakafuni. Sebule nzima iliona maneno yakimpanda kooni, kwamba hata hajaanza, kwamba huu ni uonevu, na sebule nzima ikamwona akiyameza moja moja.

"Sawa," akasema.

Swalha akainama, akaiokota ile kamba mwenyewe, akamwekea viganjani na kumnyooshea mikono yake yote miwili.

"Na zile kilo," akasema, "ni sitini na nane."

Abdulwakil, aliyepima mizigo maisha yake yote, akamtazama mkewe kuanzia ushungi mpaka viatu.

"Sitini na nane," akasema. "Nitarekebisha."