Mdomo wa Wareame Wapanda Mlimani

Sokoni Ialibu, Wareame alijulikana kwa mdomo kabla hajajulikana kwa viazi vitamu alivyouza. Mteja akija na Kiwiru, alijibiwa Kiwiru. Akija na Kiimbonggu, alipata Kiimbonggu na kejeli juu yake. Na kwa wageni wa pwani ilikuwepo Tok Pisin, lugha ya soko zima na ya redio, ambayo Wareame aliitema kama maganda ya muwa.

Lugha iliyomshinda ilikuwa moja, nayo ilikuwa ya nyumbani kwa mumewe. Wareame alizaliwa Erave, bondeni kwenye joto, mahali ambapo mikadi ya mlimani, ile miti ya kokwa, haioti. Rimbu, mumewe, alitoka chini ya mlima Giluwe, na kwao watu wakipanda msituni kuvuna kokwa za mkadi huacha Kikewa cha kawaida, lugha yao ya kila siku, nyuma yao kama mtu anavyoacha viatu mlangoni. Huko juu huzungumzwa lugha ya mkadi. Maneno yake ni machache, na kila moja limebeba mzigo wa mengi: kichomacho ni moto, tena ni jua, tena ni hasira. Atakayeropoka neno la kawaida, mlima utamsikia, na kokwa zitageuka maji matupu ndani ya maganda. Wala haifundishwi nyumbani. Unapanda, unasikiliza, unafunga mdomo.

Kufunga mdomo! Mwaka wa kwanza Wareame aliachwa nyumbani na nguruwe. Mwaka wa pili vilevile. Mwaka huu mama mkwe wake, Payanu, alitangaza mbele ya watu kwamba amechoka kupanda, na safu yake ya mikadi iliyo juu ya kijito atamgawia mmoja kati ya wanawake wawili: Wareame, akimaliza mavuno bila kuharibu, au akishindwa, wifi yake, Lapame.

"Mama, si unipe tu mimi sasa hivi?" Lapame alisema. "Huyu wifi hata akilala anaongea. Muulize kaka."

"Anaongea," Rimbu alikiri. "Lakini usingizini ni Kiwiru."

Walipanda wote, Payanu kwa mara ya mwisho. Wareame alikaa kambini kama mgonjwa wa meno. Akitaka maji alinyoosha kidole. Akitaka kumtukana Lapame, alichungulia ndani ya ile lugha asipate tusi hata moja, akabaki kumwangalia tu. Lapame naye alikaa karibu yake makusudi, akipasua kokwa na kuuliza kwa sauti ya asali, kwa lugha ya mkadi ambamo mwanamke ni mbebaji, "Mbebaji, mbona huna sauti? Kichomacho kimekukamata?"

Polepole Wareame alianza kuokota maneno. Alijua la kukata, la kubeba, la kuanika juu ya moshi. Watu wa kambi walianza kutazamana: jamani, anaweza huyu.

Kisha asubuhi moja Rimbu alikuwa juu ya mkadi mrefu, akikata shada la kokwa kubwa kuliko kichwa cha nguruwe dume. Chini yake, amegeukia upande mwingine, Payanu alikuwa amekaa anakula kiazi kwa starehe. Wareame aliona kikonyo kikikatika. Alitafuta neno la "ondoka" katika lugha ya mkadi. Hakuwa ameliokota bado. Kikewa alikizuia kwa meno. Kilichopita katikati kilikuwa Tok Pisin, kwa sauti ya kuuzia viazi: ondoka hapo, mama, unakufa!

Payanu hakujua Tok Pisin, ila sauti ile aliielewa. Aliruka. Shada likaangukia kiazi chake, likakizika.

"Kasema!" Lapame alikuwa tayari amesimama. "Kinywa kimefunguka! Safu ni yangu!"

Wareame alijitetea kwa maneno machache aliyokuwa nayo. "Hii si ya chini. Hii ya kubeba-na-kuuza. Mlima haujaenda kuuza."

Watu wakakubali kwa vichwa. Hoja ilikuwa nzito. Lakini Lapame alielekeza kidole juu mlimani. "Kile kirefu cha chuma cha kuitia watu walio mbali? Kimesimama begani pake. Mlima unasikia hiyo kila siku!"

Na hilo lilikuwa na uzito. Mnara wa simu ulikuwa pale, kila mtu aliuona.

"Angefunga mdomo tu," Lapame aliendelea. "Lingeanguka, basi."

"Yaani nife mimi," Payanu alifoka, "nipasuke kichwa kama boga, ili kokwa zako zijae, we mtoto usiye na haya?"

Kikewa. Kikewa kitupu, cha jikoni, bila hata kukikunja.

Watu walifunika midomo. Rimbu, juu ya mti, alikumbatia shina. Payanu mwenyewe alijishika shavu kama mtu aliyekuta mkono wake ndani ya chungu cha jirani.

Desturi haina mjadala: aliyeharibu hushuka. Mama mkwe na mkamwana walishuka pamoja mpaka msitu unapoishia, wakakaa kwenye gogo, na hapo Payanu akafunguka. Aliongea habari za goti lake, za marehemu mumewe, za nguruwe wa jirani. Hata Wareame wa sokoni hakupata mwanya.

Wenzao waliposhuka na mizigo, Payanu aliuliza kwanza, "Zimejaa?"

"Zimejaa," Lapame alijibu kwa shingo upande. "Hata za lile lililoanguka."

"Basi mlima haujui Tok Pisin."

"Na Kikewa je, mama? Wewe ulisema Kikewa!"

Payanu alifikiri. "Masikio yake yamezeeka kama yangu. Safu ya juu ya kijito ni ya Wareame. Wewe utamsaidia kubeba."

"Mama!"

"Ningekuwa na ufa kichwani, ungenibeba mimi. Chagua."

Lapame aliinua mzigo. Wareame alifungua kinywa ashukuru, lakini mama mkwe alikuwa amesharudi kwenye habari za goti.