Mizunguko Miwili na Nusu

Wiki iliyopita ile gari nyekundu ya viti viwili iliingia garajini kwangu, hapa Rumonge, ikivutwa na pikapu ya kubebea mawese. Rafiki yangu, nilipoiona tu, nilirudi utotoni.

Baba yangu alikuwa fundi. Garaji yake ilikuwa kando ya barabara ya Nyanza-Lac, na jirani yetu alikaanga ndagala mlangoni, hata mkate wetu ukanukia samaki na grisi. Mimi binti yake, nikitoka shule niliosha nati kwa mafuta ya taa, kisha nikahesabu. Baba akitaka kujua vitesi za gari, yaani gia zake, zimepangwaje, aliinua magurudumu ya nyuma, akavua buji, zile plagi za kuwashia, akaingiza vitesi ya kwanza na kupiga alama ya chaki kwenye shafti inayopeleka nguvu nyuma. Halafu alizungusha moteri, injini yenyewe, kwa mkono, polepole, nami nikahesabu mpaka shafti imalize mzunguko mmoja. "Chuma hakina ndugu," alikuwa akisema. "Ukikihesabu vizuri hakikudanganyi."

Magari mengi, moteri ilizunguka mara tatu na nusu. Ile nyekundu, mali ya tajiri wa mawese, mbili na nusu tu. Ilikuwa na bwate ya vitesi, ile giaboksi, ya mashindano. Niliandika kwenye kaye yangu ya hesabu.

Basi tajiri akashindana na rafiki yake kwa gari ile mpaka Nyanza-Lac, akashindwa vibaya. Aibu ilimkaa. Siku ya soko alimkamata baba shati mbele ya wauza samaki.

"Mwizi huyu! Ametoa bwate yangu, ameweka ya teksi!"

"Patron, twende tuhesabu," baba akasema.

Tajiri alimpiga kofi. Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimesimama hapo na kikapu cha mikeke, samaki wa ziwani.

Hakuna aliyeleta gari tena. Baba alikwenda kulima mihogo ya watu Gatete, na huko ndiko tulikomzika. Bibi yangu alinikanya: "Kinyongo kinamla anayekifuga." Nilimheshimu, lakini sikumsikia. Ufundi nilijifunza kwa hasira.

Sasa tajiri ni mzee wa kutembelea fimbo. Alitaka kuuza ile gari, iliyolala ghalani mwake miaka yote, na mnunuzi kutoka Bujumbura, aliyekuja naye, alitaka karatasi ya fundi kwamba bwate ni ile ile ya asili. Mzee hakunitambua. Nikapiga alama ya chaki, nikashika ufunguo wa kuzungushia moteri.

"Hesabu wewe, mzee. Kwa sauti."

Akahesabu. Moja. Mbili. Nusu. Alama ikarudi juu. Hapo nikamwambia mimi ni mutoto wa nani.

"Mama, hiyo iko ya zamani," akanong'ona. "Tusahau."

"Karatasi yako nitaiandikia sokoni. Pale pale ulipompiga, ukishasema ukweli."

Tukaenda, na mnunuzi nyuma yetu. Mzee akasema kwamba fundi yule hakuiba kitu, na kwamba yeye mwenyewe alijua tangu siku ile.

"Pandisha sauti."

Akarudia, machozi yakimtoka. Mungu anisamehe, nilitamani arudie mara ya tatu.

Kisha nikaandika karatasi. Pembeni, kijana mmoja aliyekuwa akichagua vitunguu aliuliza, "Fundi gani huyo?" Wauza samaki wa siku zile wengine wamekufa, wengine walikimbilia Tanzania wasirudi. Nilisimama nikiwatafuta kwa macho wale waliocheka. Sikumwona hata mmoja.