Friji ya Salim Inayopika

Salim alikuwa mtu wa boila, lile tangi kubwa la kuchemshia mvuke, kwenye kiwanda kimoja hapa Thika miaka thelathini na moja, na tangu astaafu hajatupa amani. Mimi ni jirani yake hapa Kamenu, nashona yunifomu za shule, na kati yetu kuna ua wa miiba ya kayaba tu. Kwanza alitengeneza mashine ya kuangua vifaranga. Tulingoja siku ishirini na moja, mayai yakatoka yamechemka, tukayala na kachumbari. Kisha akaja na mashine ya kupukuchua mahindi, ikarusha magunzi mpaka yakavunja kioo cha kanisa letu. Jumapili akaja mwenyewe kuweka kioo kingine, akamaliza ibada yote juu ya ngazi.

Lakini mashine ya mwaka huu haikuwa mchezo. Mkewe, Waridi, ameharibika kifua kwa moshi wa makaa. Daktari alimwambia akitaka kuendelea kupumua vizuri, aachane na moshi kabisa. Waridi aliitikia vizuri, akarudi nyumbani, akawasha jiko. Gesi anaiogopa kuliko nyoka. Kila akiwasha lile jiko, Salim anasimama mlangoni anasikiliza kikohozi, uso umesawijika. Siku moja aliniambia, "Mama Gichuru, nimelinda boila za watu zisilipuke miaka yote hiyo, na kifua cha mke wangu kinanishinda." Nilimhurumia, nikarudi kwenye cherehani yangu.

Basi akatafuta dishi kubwa la televisheni, akalibandika vipande vya kioo. Mbele yake akaning'iniza flaiwili ya lori, lile gurudumu zito la chuma la kwenye injini, amelipaka rangi nyeusi. Jua la Februari hapa kwetu halina huruma. Dishi likimulika chuma kutwa nzima, ukikirushia tone la maji linaruka. Saa kumi na moja jioni anakiteremsha kwa ndoano ndani ya friji iliyokufa. Friji yenyewe ameilaza chali, ameng'oa plastiki yote ya ndani, akaweka bati na ile sufi ya kufungia mabomba ya boila yasipoteze joto. Sufuria inakaa juu ya chuma, mlango unafungwa, na hata jua likishazama chakula kinaendelea kuiva bila moto wala moshi. Ndivyo alivyosema yeye.

Waridi alimpa siku moja tu. Ilikuwa Ramadhani, na kaka yake, Irshad, alikuwa anakuja na familia yake kutoka Ruiru kufuturu. "Ukiivisha nyama ya mbuzi jioni hiyo, mimi na makaa basi," alimwambia. "Isipoiva, hiyo friji inaenda kwa watu wa skrepu wakaipime kilo za chuma, na usinisumbue tena na mambo ya kifua."

Sasa hapo ndipo ninapoingia mimi. Mimi ni Mkristo, mwezi huo sifungi, na kwa miaka tisa nimekuwa ulimi wa nyumba ile. Wenyewe husema mpishi akilazimika anaweza kuonja kwa ncha ya ulimi kisha ateme, lakini Waridi hataki mambo ya ncha. Kila jioni ananiita pale kwenye ua, "Mama Gichuru, kuja uonje," naenda, naonja, natoa hukumu. Ongeza chumvi. Wacha hivyo. Ni kazi ninayoiheshimu, na sijawahi kukosea.

Siku yenyewe Salim aliweka sufuria, akafunga mlango, na kabla ya kwenda kuwapokea wageni stejini akatoa amri moja. "Msifungue. Hili si jiko la makaa, eti mtaongeza. Joto lililoingia ndilo hilo hilo, likitoka halirudi mpaka jua la kesho." Tukaitikia kama watoto wa nasari.

Hajafika hata kwenye kona, Waridi akaniita. "Sikumbuki kama nilitia chumvi. Na unamjua Irshad, mchuzi ukikosa chumvi Ruiru yote itajua."

"Mzee amekataa," nikamwambia.

"Mara moja tu. Kwani joto lina miguu?"

Nikafungua. Chumvi haikuwepo. Akatia. Sasa, ukishatia chumvi si lazima ujue kama imekolea? Nikafungua mara ya pili. Imekolea, lakini dania hakuna. Tukafungua, tukatia dania. Waridi akaenda kutandika mikeka na kupanga tende, akaniacha mimi na friji. Njia ya mwongo ni fupi, kwa hivyo niseme tu: mara ya nne hakuna mtu aliyenituma. Harufu ilinishika, nikatoa kiazi. Mara ya tano nikatoa kipande cha nyama. Kilikuwa kigumu, nikatoa kingine nione kama ugumu ni wa kile kimoja ama ni wa zote. Ulikuwa wa zote.

Irshad alifika na kanzu nyeupe pee na mdomo wake ule ule. "Shemeji," akamwambia Salim, "leo tunakula ama tunaangua?" Adhana ikaita, wakafuturu kwa tende na uji, wakasali, wakarudi mkekani. Salim akaleta sufuria na kufunua. Mvuke ulitoka kidogo tu, kama wa kusukumwa. Irshad akachukua nyama, akatafuna, akatafuna, mpaka nikaona masikio yakicheza.

Salim naye akauma kipande, akakirudisha. Hakukasirika, na hiyo ndiyo iliyoniua. Akasema polepole, "Basi. Nimejaribu. Kesho waite watu wa skrepu."

Waridi akatazama mkeka. Yeye alijua zile mara tatu, mimi nilijua zote tano. Niliona aibu mpaka miguuni, kwa sababu nilikuwa nimekula chakula cha watu waliofunga, kabla yao, na sasa wageni wao wananiangalia kama mtu wa maana. Ningenyamaza, haki ya Mungu ningenyamaza. Lakini Waridi akainuka, akaingia jikoni, nikasikia makaa yakimwagwa kwenye jiko.

"Waridi, wacha hayo makaa," nikasema. "Ni mimi. Hiyo friji nimeifungua mara tano. Tatu za kuonja, mbili za tamaa."

Waridi akatokea mlangoni, mikono myeusi. "Zile tatu ni mimi nilimtuma."

Nikangoja matusi. Salim akaomba kalamu.

"Kila mara mlango ulikaa wazi muda gani?" akaniuliza. "Fikiria vizuri, Mama Gichuru." Akaandika kwenye kiganja, akaenda akaweka mkono juu ya kile chuma bila kukigusa, akautoa mbio. "Mara tano," akasema, "na bado hakishikiki." Uso wote ukamnawiri. Akarudisha sufuria, akafunga mlango na kuukalia mwenyewe. Irshad alijaribu kuchungulia, akapigwa kofi la mkononi. Tukakaa tunakula mahamri na kungoja, karibu saa nzima.

Waridi ndiye aliyefungua. Mvuke ukampiga usoni, na kwa mazoea akajikunja kungoja kikohozi. Hakikuja. Akavuta pumzi nyingine, ndefu, akakaa hapo ameinamia sufuria mpaka watoto wakaanza kulalamika. Nyama ilikuwa inaachana na mfupa.

Tulipomaliza kula, aliingia jikoni, akatoka na lile jiko la makaa, akampakatisha Irshad, na kanzu yake nyeupe vile vile.

"Peleka Ruiru," akasema. "Mimi nimemaliza nalo."

Salim akageuza uso, akainama kukagua bawaba za mlango wa friji. Alizikagua muda mrefu sana, na sisi sote tukamwacha azikague.